Sura ya Saba: Debe Leo, Bonasi Mwakani

Kitu cha kwanza kupotea ni sweta. Mwezi wa Julai, ukungu wa Nyandarua ukiteremka na kuilalia Tetu na Othaya hadi saa nne asubuhi, hakuna mtoto wa Nyeri asiyejua kuwa kuna baridi. Hata hivyo, karibu kila darasa lina mmoja anayerudi nyumbani na shati tupu. Penseli aliipoteza Jumatatu. Kitabu cha Hisabati kiko kwa rafiki, au kwenye matatu, au pale uwanjani alipokiweka ili apande mti. Mama akimuuliza sweta iko wapi, humtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayepewa habari mpya.

Atapigwa. Katika nyumba nyingi kati ya Karatina na Nanyuki, huo ndio mwisho wa uchunguzi. Atapigwa kwa sababu sweta ya shule ni ghali, kwa sababu ndugu zake hawapotezi zao, na kwa sababu mwalimu ameandika kwenye ripoti, muhula wa tatu mfululizo, kwamba ana akili lakini hatii bidii. Wiki ijayo atapoteza nyingine. Sura hii inamhusu mtoto huyo na mtu anayemlea, na haimlaumu yeyote kati yao.

Madaktari huliita tatizo lake ADHD: upungufu wa umakini, mara nyingi pamoja na mwili usiotulia na pupa ya kutenda kabla ya kufikiri. Halikuletwa na simu wala katuni za televisheni. Mnamo Machi 1902, daktari wa watoto George Still aliwaeleza wenzake katika Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London juu ya watoto aliowaona, wenye akili timamu na waliolelewa vyema, lakini wasioweza kujizuia hata baada ya kuadhibiwa. Mwaka huohuo Waingereza walikuwa wakiweka ngome yao Nyeri. Still aliliona tatizo hilo kuwa kasoro ya kujitawala kimaadili, na wazo la maadili likang'ang'ania miaka mingi kuliko lilivyostahili. Mwaka 1980 ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipolipa jina linalotaja umakini, na mwaka 1987 kikaongeza kutotulia kwa mwili.

Uchambuzi wa tafiti kutoka mabara mbalimbali uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na Mbrazili Guilherme Polanczyk, ulikadiria kuwa watoto na vijana 5 hivi katika kila 100 wana hali hii. Darasa la watoto 50, ambalo si ajabu katika shule zetu za umma, huenda likawa na wawili au watatu. Kwa hiyo mzazi anayedhani yuko peke yake kijijini hayuko peke yake hata katika benchi la kanisa analokalia.

Si kila mtoto mtundu ana ADHD, na hapa lazima tuwe waangalifu. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wengi una dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kutotulia na pupa. Mtoto anapaswa kuwa na angalau 6 za upande mmoja, kwa miezi 6 au zaidi, zimeanza kuonekana kabla ya miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, tuseme nyumbani na shuleni. Hilo la mazingira mawili ni muhimu sana. Mtoto anayesumbua darasani pekee huenda hasikii vizuri, au haoni ubao, au anamwogopa mwalimu. Anayesumbua nyumbani pekee huenda anaishi katika nyumba yenye ugomvi wa usiku. Mwenye damu pungufu huchoka na kupotea mawazo. Anayekoroma usiku kucha kwa sababu ya nyama za puani huamka hajalala, na mtoto aliyekosa usingizi hafanani na mtu mzima aliyekosa usingizi: hasinzii, hurukaruka. Kuna pia kifafa cha kuduwaa, ambapo mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Huyo hana haja ya mbinu za sura hii. Ana haja ya daktari haraka.

Tazama pia tarehe ya kuzaliwa. Utafiti katika nchi kadhaa umeonyesha kuwa watoto wadogo zaidi darasani hupewa jina la ADHD mara nyingi kuliko wenzao waliozaliwa miezi 10 au 11 kabla yao. Utoto wa kawaida huonekana ugonjwa ukipimwa kwa kipimo cha wakubwa.

Halafu kuna wasichana. Wengi wao hawarukiruki. Hukaa kimya karibu na dirisha, wakiwa mbali kwa mawazo, na kwa kuwa hawamsumbui mtu, hakuna anayeuliza. Mwalimu husema ni mpole, shosho, yaani nyanya, husema ana haya, na matokeo yakishuka katika shule ya sekondari msingi watu husema sababu ni wavulana. Msichana mwenyewe huamini ni mjinga. Naona hili kuwa dhuluma kubwa kuliko ile inayompata mvulana mtukutu, kwa kuwa mvulana angalau hutambuliwa kuwa ana jambo.

Chanzo kikubwa ni urithi. Tafiti za mapacha huonyesha kuwa urithi unaeleza zaidi ya asilimia 70 ya tofauti kati ya watu katika hali hii. Wakikuyu, ambao humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba na binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba, wana desturi ya kumtafuta mkubwa ndani ya mdogo. Wazee husema mtoto huyu ni guka wake mtupu, yaani babu yake: guka alikuwa haketi, alianzisha biashara tatu na kuziacha, alikuwa wa kwanza kuvuka mto mafuriko yakija. Mara nyingi wanasema kweli kuliko wanavyojua. Na kati ya guka na mjukuu yuko mzazi, ambaye pengine naye hupoteza funguo, hulipa karo ikiwa imechelewa, na hukasirika kabla ya kufikiri. Mzazi kama huyo ana kazi mara mbili, kwa kuwa anajaribu kumpa mtoto utaratibu ambao yeye mwenyewe hakuupata. Urithi si chanzo pekee. Kuzaliwa kabla ya wakati na pombe wakati wa ujauzito huongeza hatari. Malezi mabaya hayasababishi ADHD, ingawa yanaweza kuifanya iumize zaidi.

Sasa tufike kwenye kiini. Watu wa Nyeri wanazijua vizuri namna mbili za malipo. Anayechuma kahawa kwa jirani hulipwa kwa debe: jioni matunda yanapimwa, pesa zinaingia mkononi. Mkulima wa majani chai hupata kidogo kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka, na kwa ajili ya bonasi hiyo huvumilia matope na baridi ya miezi mingi. Shule yote imejengwa kwa bonasi. Soma leo, utapita mtihani Novemba. Pita mtihani, utaenda shule nzuri. Nenda shule nzuri, utapata kazi. Ubongo wa mtoto mwenye ADHD hufanya kazi kwa debe. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa watoto hawa, wakipewa nafasi ya kuchagua, huchukua kidogo cha sasa badala ya kikubwa cha baadaye mara nyingi kuliko wenzao. Si kwamba hawakitaki kikubwa. Kile cha baadaye hakiwavuti, kama vile hakipo.

Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha picha za bongo za watoto zilizopigwa kwa miaka kadhaa. Gamba la ubongo la watoto wenye ADHD lilipevuka kwa mpangilio uleule wa watoto wengine, lakini likichelewa kwa miaka 3 hivi, hasa sehemu za mbele zinazopanga, kuzuia na kukumbuka. Habari hiyo ingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya walimu. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa na akili ya miaka 10 au 12 katika Sayansi, na uwezo wa kujipanga wa mtoto wa miaka 7. Hakuna mzazi anayemwachia mtoto wa miaka 7 jukumu la kukumbuka sweta, kalamu, kazi ya nyumbani na barua ya mwalimu mkuu kwa wakati mmoja.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini kiboko hakimsaidii. Sweta ilipotea saa nne asubuhi. Fimbo inakuja saa kumi na mbili jioni. Kati ya hizo kuna saa nane, ambazo kwa mtoto huyu ni kama wiki. Hata fimbo ya papo hapo inamfundisha kuogopa tu, na kuogopa hakumwonyeshi mahali pa kuweka sweta. Siku nzima amekaripiwa na mwalimu, kiranja, dereva wa matatu na dada yake. Mtoto anayekaripiwa kiasi hicho hufanya mambo mawili: ama huacha kusikia, au huanza kusema uongo. Wazazi wengi hufika hospitalini kwa sababu ya uongo, ilhali uongo ulikuja wa mwisho.

Na sheria iko wazi. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka 2001. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili na kisaikolojia, na anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Kifungu kilichotangulia kinakataza kumkaririsha mwanafunzi darasa au kumfukuza. Mzazi anayeambiwa na shule kwamba mwanawe atarudia Gredi ya 4 ili "atulie" ana haki ya kuuliza, kwa adabu, sheria inasemaje.

Kuna suluhisho jingine linalopendwa sana kwetu, la kumpeleka mtoto bwenini. Katika kaunti zinazouzunguka Mlima Kenya, bweni limekuwa alama ya mzazi anayejali. Mtoto hatulii? Mpeleke akademi ya bweni, watamnyoosha. Najua wazazi hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wengine wanafanya kazi Nairobi, wengine Saudi Arabia, na shosho aliyeachiwa watoto kijijini amechoka magoti. Lakini fikiria bweni linamdai nini mtoto wa miaka 9 mwenye ADHD. Atunze sanduku, kufuli, soksi, sabuni, ndoo na muda wake mwenyewe, bila mtu mzima wake karibu, na makosa ya Jumatatu ajibu siku ya wazazi mwisho wa mwezi. Tunamtoa mahali ambapo msaada ungekuwa karibu, tunampeleka mahali ambapo kila kitu ni bonasi. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto katika bweni la Hillside Endarasha Academy, hapa Nyeri, ulichukua uhai wa wavulana 21. Wazazi wao waliwatakia mema kama mzazi yeyote, na msiba huo haupaswi kuwa fimbo ya kumchapia mtu. Ulituachia hata hivyo swali ambalo hatujalijibu, la umri ambao mtoto anapaswa kulala mbali na watu wake. Kwa mtoto mwenye ADHD jibu langu ni moja: si katika shule ya msingi, kama kuna njia nyingine yoyote.

Kinachosaidia nyumbani ni kuleta kila kitu karibu: agizo, tuzo, adhabu, na hata muda wenyewe.

Anza na agizo. Mama yuko jikoni anageuza mukimo, anapaza sauti kwamba mtoto avue viatu, abadilishe sare, anawe, alete kitabu na asisahau kuwapa sungura majani. Mambo matano, kutoka chumba kingine. La kwanza limesikika, mengine yamepotea hewani. Afadhali aende alipo mtoto, amguse bega, amtaje jina, angoje macho yageuke, aseme jambo moja: "Weka viatu mlangoni." Vikishawekwa, aseme papo hapo: "Umeviweka. Asante." Kisha la pili. Mara ya kwanza inachosha, na mama mwenye watoto watatu na duka la mboga Karatina atauliza muda huo autoe wapi. Jibu ni kwamba anautoa kwenye muda ambao angeutumia kupiga kelele, na si mdogo.

Tuzo zisiwe za pesa nyingi. Chukua chupa tupu ya jamu na maharagwe makavu. Chagua mambo mawili au matatu tu, kwa mfano sweta kurudi nyumbani, kazi ya shule kuanza bila ugomvi, na kulala kwa wakati. Kila moja likifanyika, haragwe moja linaingia chupani mtoto akiona. Maharagwe mawili yananunua kitu anachokipenda siku hiyohiyo: dakika 15 zaidi za mpira, kuketi mbele ya matatu, kuchagua chakula cha jioni. Mwanzoni usimnyang'anye maharagwe aliyokwisha kupata. Aliyepimiwa debe zake akalipwa harudishi pesa jioni kwa sababu alimjibu mtu vibaya. Na chupa ikimchosha, kwa kawaida baada ya wiki chache, badilisha tuzo. Kuchoka huko si dharau, ndiyo hali yenyewe.

Watu hulalamika kwamba hii ni hongo. Hongo hutolewa ili mtu afanye baya. Huu ni mshahara wa kazi ngumu, na kwa mtoto huyu kukaa kitini dakika 20 ni kazi ngumu kweli.

Kazi ya nyumbani ifanywe mapema, akishakimbia na kula kidogo, si saa tatu usiku kila mtu akiwa ameshindwa. Gawanya vipande vya dakika 10, saa ya simu ikilia anyanyuke, alete maji au alishe kuku, arudi. Televisheni izimwe kabisa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri kungoja basi la shule atawezaje kuzipata? Wakati mwingine shule ya karibu isiyo na jina kubwa ndiyo dawa ya kwanza.

Adhabu nazo zipo, kwa kuwa mtoto akimpiga dada yake lazima jambo lifuate. Ziwe fupi, za papo hapo na zilizojulikana mapema: dakika chache peke yake kitini, au kukosa mpira jioni hiyo. Siyo mpira wa muhula mzima. Adhabu ya muhula mzima humwacha mzazi bila kitu cha kutoa kesho, na mtoto bila sababu ya kujaribu.

Baba ana nafasi hapa ambayo mara nyingi huachwa wazi. Ukoo humlaumu mama: amemdekeza, upande wao ndio ulio hivyo. Baba huitwa jioni kuja kupiga, basi. Tafadhali, akina baba, ingieni kwenye sehemu ya maharagwe. Mtoto anayepongezwa na baba yake kwa kurudisha sweta hutembea siku mbili akiwa mrefu.

Shuleni, mzazi asiende kama mshtaki. Mwalimu ana watoto 50, mtaala na mkaguzi. Mwombe jambo moja. "Mwalimu, sijaja kulalamika. Huyu mtoto ananisumbua hata mimi nyumbani. Je, anaweza kukaa mbele, mbali na dirisha?" Mwezi ujao omba la pili: kadi ndogo yenye mambo matatu, ambayo mwalimu atatia alama kila siku kabla ya kengele, nawe utampa mtoto tuzo jioni. Kadi hiyo ndiyo inayoleta shule karibu na nyumbani, na utafiti umeithibitisha mara nyingi. La tatu ni kutomnyima mapumziko wala michezo kama adhabu, kwa sababu mwili ukinyimwa kukimbia saa nne utakimbia darasani saa tano. Mwalimu mwerevu humtuma mtoto huyu kuleta chaki ofisini kabla hajaanza kusumbua.

Lazima tuzungumze pia juu ya muguka na miraa, maana vinakua milimani kwetu, Embu na Meru, na vijana wanavipata kwa bei ya chini. ADHD isiyosaidiwa huongeza hatari ya kijana kuingia kwenye pombe na vileo vingine mapema, na eneo letu limezika vijana wengi kwa sababu ya pombe. Wapo wavulana wanaosema kwamba wakitafuna hutulia na kusoma. Msiwacheke. Majani hayo yana kemikali ya kathinoni, inayofanana kwa umbo na amfetamini, na baadhi ya dawa za ADHD hutoka katika kundi hilohilo la vichangamsho. Tofauti ni kubwa mno: dawa ina kipimo kinachojulikana, daktari anayepima moyo na uzito, na saa ya kumezwa, ilhali muguka hauna kipimo, hufukuza usingizi na hamu ya kula, na unaweza kumletea kijana wasiwasi au hata wazimu. Kijana anayesema muguka unamtuliza amewapa wazazi wake habari muhimu, nao wampeleke akapimwe.

Na dawa zenyewe? Methilifenidati, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944 na Leandro Panizzon katika kampuni ya Ciba ya Uswisi, na inayojulikana zaidi kwa jina la Ritalin, huwasaidia watoto wengi, takriban 7 katika kila 10. Ile ya muda mfupi huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na kuisha baada ya saa 4 hivi. Haimponyi mtoto; humpa nafasi ya kusikia agizo kabla halijapotea. Hupunguza hamu ya kula, yaweza kuchelewesha usingizi na kupandisha kidogo mapigo ya moyo, kwa hiyo mtoto hupimwa uzito, urefu na shinikizo la damu kila mara. Chini ya miaka 6, mafunzo ya mzazi hutangulia. Huko Marekani, utafiti mkubwa wa mwaka 1999 uliofuata watoto 579 kwa miezi 14 ulionyesha kuwa dawa iliyosimamiwa vizuri ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia pekee, lakini walipofuatiliwa hadi mwaka wa 3 tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia. Naichukua habari hiyo kuwa onyo kwa pande zote: dawa bila malezi haitoshi, na msaada wa mwaka mmoja haumalizi hali ya miaka mingi. Nchini Kenya dawa hii inadhibitiwa na sheria na huandikwa na mtaalamu. Usiinunue kwa ushauri wa rafiki, wala usiogope anayeiandika kwa uangalifu.

Nyeri ina jambo moja ambalo miji mingine haina. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ya Paxtu kwenye uwanja wa Hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini. Akiwa mwanafunzi alikuwa akitoroka kwenda msitu uliokatazwa karibu na shule yake ya Charterhouse, akanasa sungura na kuwapika kwa moto usiotoa moshi. Simpi mtu aliyekufa ugonjwa, hatuwezi kujua. Lakini angalia mfumo alioubuni: kikosi kidogo cha vijana wasiozidi 8, kazi za mikono na miguu, kila ustadi ukigawanywa vipande, na beji inayoshonwa kwenye mkono mara tu ustadi unapothibitishwa. Ni malipo ya debe hasa. Skauti kutoka nchi nyingi huja Nyeri kila Februari kulizuru kaburi hilo, huku watoto wetu wenye ADHD wakinyimwa skauti hadi wapandishe alama. Wapelekeni. Anayeshindwa kukumbuka sweta anaweza kuwa wa kwanza kuwasha moto mvua ikinyesha, na anahitaji kuonekana na wenzake akiwa wa kwanza.

Msaada rasmi upo, ingawa ni haba. Mwaka 2020 jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliitaka serikali itangaze matatizo ya afya ya akili kuwa dharura ya kitaifa, na upungufu wa wataalamu nje ya Nairobi ulikuwa miongoni mwa sababu. Wazazi nao huogopa: ukitaja daktari wa akili, jirani husikia Mathari, hospitali ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1910. Usianzie huko. Anzia kituo cha tathmini ya elimu, kile walimu wanachokiita EARC. Vituo hivi vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako itakuelekeza kilicho karibu. Kisha nenda hospitali, iwe ile ya rufaa ya kaunti mjini Nyeri, au Tumutumu, au Consolata Mathari ya hapahapa Nyeri, uombe mtoto apimwe masikio, macho na damu, na upewe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa watoto au wa akili ikihitajika.

Usiende mikono mitupu. Kwa wiki mbili andika katika daftari yanayotokea: saa, mahali, ilikuwa nini kabla na nini baada. Beba ripoti zote za shule tangu Gredi ya 1, na daftari moja la mtoto la Hisabati na moja la Kiswahili. Mwombe mwalimu wa darasa barua ya nusu ukurasa. Barua ya tathmini ukiipata, itoe nakala, moja ibaki shuleni, kwa sababu ndiyo itakayotumika mtoto akihitaji muda wa ziada katika mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, na maombi hayo hupitia shule mapema. Kama mtoto wako ana miaka 7 au 8 sasa na umejiona katika kurasa hizi, nenda muhula huu. Usingoje afike Gredi ya 6.